Chini ya Saa, Pino Suárez

Mimi na mtu mchelewaji hatupatani. Nasema mapema ili tujuane. Kwetu Santa Brígida, mji mdogo wa milimani upande wa Puebla, mimi ndiye niliyekuwa nikipanda mnara wa kanisa kila Jumamosi kuitia saa ufunguo, kazi niliyoirithi kwa baba. Mji mzima ulikula, ukalala na ukaamka kwa saa yangu. Ukiniambia tukutane saa nne, mimi nipo saa nne kasorobo. Ikifika saa nne na dakika mbili hujatokea, nishaenda zangu, na usinitumie mtu wa kuniombea radhi. Watu walinipa jina, Hermilo Dakika. Walidhani wananitania, kumbe mimi najisikia raha.

Ubaya wa tabia hii ulijitokeza mwaka 1968, ila nilikaa miaka kumi na mitatu kabla ya kuukubali. Mdogo wangu Otilia, dada yangu wa pekee, alikuwa anaolewa na kijana wa jijini Mexico aliyeitwa Rutilio. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye wa kumshika mkono bibi harusi na kumpeleka altareni. Misa ilikuwa ya saa tano. Saa tano ikafika, bwana harusi hayupo. Saa tano na robo, hayupo. Wageni wanakohoa, padri anatazama viatu vyake. Ilipotimia dakika ya thelathini na tano nikavaa kofia yangu nikamwambia Otilia pale pale mlangoni, watu wote wanasikia, "Mwanamume anayechelewa harusi yake atakuchelewesha maisha yako yote." Nikaenda nyumbani.

Baadaye nikaambiwa Rutilio alifika dakika tano baada ya mimi kuondoka, anatweta, suruali imejaa tope mpaka magotini, ana maneno ya basi kuharibika. Jioni ile alikuja mpaka mlangoni kwangu kunieleza. Nilimsikia akigonga na sikumfungulia. Otilia alikuwa ametembea hadi altareni peke yake, na kesho yake wakapanda basi wakaenda zao. Hakunitumia hata salamu. Na mimi yule mume wake sikumwita shemeji hata siku moja, nikimtaja nasema "yule wa basi."

Basi miaka ikaenda. Mama akazeeka, akaanza kunisumbua kila siku wakati wa chakula. "Nataka niwaone ninyi wawili kwenye meza moja," anasema, "na nikifa kabla, ujue nitakuwa nimekasirika." Akamwandikia Otilia kwa mkono wa padri, mimi sina habari. Siku moja mwaka 1981 nikapata barua, mistari minne tu, nikaujua mwandiko hata kabla ya kusoma jina. "Hermilo. Njoo Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Saa sita mchana, chini ya saa, kituo cha Metro cha Pino Suárez, halafu twende nyumbani tukale. Usipokuja sitaandika tena, wala msinitafute."

Nilikuwa sijawahi kufika jijini. Nina miaka arobaini na saba, sijawahi. Nikachukua mikate ya jibini na matufaha ya kwetu nikajaza begi, nikapanda basi la usiku wa manane, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikashushwa kwenye kituo kikuu cha mabasi cha San Lázaro. Miadi ni saa sita. Nilikuwa na masaa matano na nusu ya kungoja, na hapo hapo, mbele yangu, ngazi zinashuka chini ya ardhi.

Nilinunua tiketi tano. Unatia moja kwenye tundu la geti, geti linaimeza, unapita. Nikashuka jukwaani, upepo wa moto ukanipiga usoni kutoka kwenye lile shimo la giza, kisha ikaja treni ya rangi ya chungwa, ndefu, inaingia kwa kasi huku haina kishindo cha chuma, maana magurudumu yake ni ya mpira. Milango ikafunguka yenyewe. Nikaingia nikashika nguzo.

"Mara yako ya kwanza?" akaniuliza bwana mmoja aliyepakata tundu la ndege lililofunikwa kitambaa.

"Nani kakwambia?"

"Umeshika nguzo kwa mikono miwili na treni haijaondoka."

Nikaachia mkono mmoja. Mlio ukalia, milango ikafungwa, treni ikaruka na mimi nikaishika tena nguzo kwa mkono ule ule. Yule bwana akajifanya anazungumza na ndege wake.

"Kituo gani unakwenda?" akauliza.

"Pino Suárez. Saa sita."

"Saa sita? Bwana wee, Pino Suárez ni vituo vitatu tu kutoka hapa. Utafika ukae mpaka uote mizizi."

"Mimi huwa nawahi."

"Basi tembea. Kwa tiketi hiyo moja, usipotoka nje, hakuna atakayekuuliza kitu mpaka usiku. Umeona picha zile?" Akanyoosha kidole juu ya mlango, kwenye mchoro wa njia ya rangi ya waridi tuliyokuwamo. Kila kituo kilikuwa na picha yake. "Bata ni Candelaria. Kreti la matunda ni Merced. Kengele ni Insurgentes, panzi ni Chapultepec. Marehemu mama yangu hakujua kusoma hata jina lake, na jiji hili alilizunguka lote kwa bata na panzi."

Alishuka kwenye matunda, ndege wake wakaanza kuimba pale mlangoni, na mimi nikabaki natabasamu peke yangu kama niliyelishwa sukari. Pino Suárez ikaja, picha yake hekalu dogo la kale. Sikushuka. Nilijiambia, Hermilo, leo wewe ni mtoto, nenda.

Nikaenda. Nilikwenda mpaka mwisho wa njia ya waridi kule Observatorio, nikageuka nayo. Nikatoka Chapultepec kwenye panzi, nikanunua tamale, donge la unga wa mahindi lililopikwa kwa mvuke, iliyobanwa ndani ya mkate pamoja na kikombe cha uji wa mahindi wa moto, nikala nimesimama chini ya miti mikubwa huku watu wanapita na baiskeli na mipira. Nikarudi chini. Nikapata Balderas, ambako picha yake ni mzinga, nikabadili njia pasipo kumwuliza mtu, na nawaambia nilijisikia kama nimeukomboa mji. Nikaenda kaskazini mpaka njia ilipoishia, nikarudi. Nikashika njia ya buluu kuelekea kusini, tumo gizani, tumo gizani, mara treni ikapanda juu, jua likamwagika ndani ya behewa, na magari ya barabarani yakawa yanakimbia pande zote mbili sambamba na sisi. Nilicheka kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa anasuka nywele za binti yake akacheka pia, bila kujua anacheka nini.

Na saa, jamani. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Kila jukwaa lina saa yake, kubwa, imening'inia juu, na zote zinakubaliana. Niliilinganisha saa yangu ya mkononi na ya Balderas, na ya Hidalgo, na ya Tasqueña kule mwisho, hakuna hata moja iliyoteleza. Mimi niliyekuwa nikigombana na saa moja ya kanisa kila baridi ikiingia, hapa naona saa kwa makumi, na hakuna anayezitazama kwa mshangao ila mimi. Nilianza kuzihesabu. Nilipofika arobaini nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kumbukeni hilo, maana ninyi mtanicheka baadaye na nitastahili.

Jambo moja nilijitia silikumbuki. Mama alikuwa ameniambia miaka mingi nyuma kwamba yule wa basi alipata kibarua cha kuchimba mashimo haya ya Metro. Kila roho yangu ilipofurahia treni, sauti ndogo ilisema, nani kachimba? Nami nikatazama pengine.

Matembezi ya mwisho nilitokea nje kituo cha Zócalo. Unapanda ngazi, unaona mbingu tu, ngazi mbili zaidi na uwanja wote unakufungukia, kanisa kuu huku, ikulu huku, bendera kubwa katikati inajipinda taratibu. Nilisimama nikavua kofia. Kisha nikakumbuka nilichofuata, nikarudi chini. Kutoka Zócalo kwenda Pino Suárez ni kituo kimoja.

Saa sita kasoro dakika ishirini na tano nilikuwa nimesimama chini ya saa. Niliiona mara tu nilipotoka kwenye treni, na chini yake kulikuwa na watu kama sita hivi, kila mtu anamsubiri mtu wake. Nilipenda nilivyoona. Hata kwetu tunasema vivyo hivyo, "tukutane chini ya saa," na kila mtu anajua ni pale kwenye ngazi za kanisa. Nikaliweka begi miguuni, nikanyoosha koti, nikajifuta viatu kwa leso.

Kando yangu alisimama mwanamke mnene mwenye boksi la keki lililofungwa kwa kamba. Saa sita ikagonga moyoni mwangu. Nikatazama ngazi. Treni ikaja, watu wakamwagika, Otilia hayumo.

"Unamsubiri nani, kaka?" akauliza yule mwanamke. "Unaitazama saa kana kwamba imekukosea."

"Dada yangu. Saa sita kamili."

"Sasa ni saa sita na dakika tatu."

"Najua."

"Mimi rafiki yangu ni wa saa tano na nusu, na sijaanza hata kukasirika. Naitwa Eufemia."

Nikamwambia jina langu. Saa sita na dakika nane. Nikatazama ng'ambo ya reli, kwenye jukwaa la upande wa pili, sikuona mtu ninayemfahamu. Saa sita na kumi. Masikio yakaanza kupata moto, nami naujua moto huo, ndio ule ule wa siku ya harusi. Eufemia akaniuliza mbona navuja jasho, na sijui ni kwa nini, labda kwa sababu simfahamu na hanifahamu, nikamwambia yote. Harusi, kofia, barua, mama na meza yake.

"Na huyo bwana harusi alipatwa na nini siku hiyo?" akauliza.

"Walisema basi."

"Liliharibika, au lilianguka, au vipi?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akarekebisha kamba ya boksi lake. Saa sita na ishirini. Saa sita na ishirini na tano, nikainama nikashika begi. Analipiza kisasi, nilijiambia. Ameniita kutoka mlimani ili anisimamishe mbele ya watu kama alivyosimama yeye. Nilimchukia, nasema kweli, kwa dakika ile nilimchukia dada yangu.

"Ndiyo unaondoka?" akasema Eufemia.

"Naondoka."

"Dakika ishirini na tano tu?"

"Kwetu hizo ni nyingi."

"Hapa ndiyo kwanza mtu anatafuta viatu vyake. Kaka Hermilo, umenuna miaka kumi na mitatu, mgongo haukuuma. Leo dakika ishirini na tano zinakuvunja?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nina majibu mabaya mengi, nayaweka tayari. Lakini nilipofungua mdomo nikaona kwamba kule harusini nilikuwa nimebakiza dakika tano tu. Tano. Nikaliweka begi chini.

Ikaja saa sita na thelathini na tano, muda ule ule niliovaa kofia. Nikakaza miguu. Dakika zile tano nilizisubiri moja moja, na kila moja nilimwona Otilia mlangoni mwa kanisa na gauni lake, anatazama barabara, halafu ananitazama mimi. Saa saba kasoro ishirini. Arobaini kamili. Nilikuwa nimezisubiri zile dakika nilizomnyima Otilia harusini, na bado hajaja, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Kama angekuja saa kumi jioni ningemshukuru.

Ndipo alipotokea ngazini mwanamke mwembamba, amevimba kwa ghadhabu, anakuja moja kwa moja kwa Eufemia.

"Wewe," akasema, "nimesimama chini ya saa zaidi ya saa nzima."

"Saa gani? Mimi niko chini ya saa tangu saa tano na robo."

"Ya kule. Njia ya waridi."

"Nilikwambia njia ya buluu, Ignacia."

"Uliniambia chini ya saa."

"Ya kuelekea Tasqueña, nilisema. Huwa husikilizi, unaitikia tu."

Wakaendelea. Mimi sikuwasikia tena. Asubuhi nzima nilikuwa nimehesabu saa kwa furaha, mbili kila kituo, nne palipokutana njia mbili. Arobaini nilizihesabu, nikaanza upya. Na hapa, palipokutana njia mbili, nikasimama chini ya saa ya kwanza niliyoiona kana kwamba niko kwenye ngazi za kanisa letu. Na Otilia naye, alipomwandikia kaka yake, aliandika kama tunavyosema nyumbani, hakukumbuka kuweka njia wala upande.

"Samahani, mama," nikamwambia Ignacia. "Huko kwenye njia ya waridi, kuna mwanamke alikuwa anasubiri?"

"Wapo tele."

"Wa umri wangu hivi. Mdogo kidogo."

Akafikiri. "Yupo mmoja ana gauni la njano, yuko na mumewe, mume kabeba sufuria imefungwa kitambaa, anasema mgeni asifike nyumbani na njaa. Nimesimama nao muda wote. Ana hasira huyo, usiseme. Anaitazama saa kana kwamba imemkosea."

Eufemia akanitazama. "Kimbia," akasema.

Nilikimbia. Begi linanigonga mapajani, matufaha yanaruka, moja likatoka likabingirika ngazini nikaliacha. Njia ya kutoka buluu kwenda waridi ni ndefu, na Jumapili imejaa watu wanaotembea kama wana siku nzima, na kweli walikuwa nayo. Nilipenya huku nasema samahani, samahani. Katikati ya njia ile, mahali palipo wazi juu, lipo hekalu dogo la kale la mviringo walilolikuta wachimbaji walipokuwa wanachimba. Ndilo lile la kwenye picha. Siku nyingine ningesimama mbele yake na kuvua kofia. Nililipita mbio.

Nikatokea jukwaani. Nikatazama chini ya saa, kuna vijana wawili wanabusiana, basi. Nikatazama ng'ambo ya reli, na pale, chini ya saa ya upande wa kuelekea Observatorio, nikaona gauni la njano. Ningemtambua hata kwa kisogo. Alikuwa ameweka mikono kiunoni kama mama anapokuwa amemaliza kusikiliza. Mwanamume aliye kando yake alikuwa anazungumza naye kwa upole, sufuria kifuani.

"Otilia," nikaita. "Oti!"

Treni ikaingia upande wao. Ikaninyang'anya sauti na ikawaficha wote wawili. Kupitia madirisha ya mabehewa nikaona njano inasogea mlangoni, njano inaingia ndani. Sikungoja kuona zaidi. Nikapanda ngazi mbili mbili, nikakata kona, nikasikia chini yangu mlio wa milango, nikasikia treni inaondoka. Nikashuka upande wa pili.

Jukwaa lilikuwa tupu. Chini ya saa alisimama Rutilio, na sufuria yake, peke yake.

Alikuwa amepata mvi. Mara ya mwisho nilipomwona usoni alikuwa kijana, mwaka mmoja kabla ya harusi, alipokuja kuposa. Alinitazama, akatazama begi, akatazama viatu vyangu. Pumzi hazikuwepo. Nikaonyesha kwa kidole shimo treni ilimoingia.

"Hayumo," akasema.

Na kutoka nyuma ya nguzo akatoka Otilia, anajifuta macho kwa nyuma ya kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayekataa kuonekana.

"Nilikuwa nimeshapanda," akasema, ananiambia mimi lakini anamtazama mumewe. "Nilitaka kuondoka tangu saa sita na kumi. Nilimwambia, huyo hatakuja, namjua, damu yake ni yangu. Kila nikishika mkoba ananiambia ngoja. Mwisho nimepanda treni, nikamwambia twende, akakataa. Amesimama hapo na sufuria, anasema, nenda wewe, mimi nitamsubiri."

"Alishuka milango inafungwa," akasema Rutilio. "Karibu imbane."

"Umechelewa, Hermilo," akasema Otilia.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Saa ziko nne, njia ziko mbili, barua haikusema upande, nilifika saa sita kasoro ishirini na tano, nina shahidi, mwanamke mwenye keki. Yalikuwa ya kweli yote. Yalinijaa mdomoni na jasho linanitiririka na koti limekaa upande, na hapo nikajiona nilivyo, nimesimama mbele ya mtu na kisa cha kweli, naomba nifunguliwe mlango.

"Nimechelewa," nikasema.

Neno hilo sikuwa nimewahi kulisema. Otilia alijua. Aliushika mkono wangu, akaubana mpaka ukauma, na sikuuondoa.

"Mimi nilimwambia asikate tamaa," akasema Rutilio. Hakuwa ananitania, nilimtazama sana kuhakikisha. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua. "Nilimwambia ni mbali kutoka Santa Brígida. Labda basi limeharibika."

Nikavua kofia. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Lile basi lenu," nikamwambia. "Siku ile. Lilipatwa na nini, shemeji?"

Rutilio akainama akaiweka sufuria chini, polepole, akasimama tena. Treni ikaingia, milango ikafunguka, ilikuwa ndiyo ya kwetu. Tukaiacha ikaenda.

"Ekseli," akasema. "Ilikatika kule kwenye kona ya mto, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha..."

Ikaja treni nyingine, tukaiacha. Akanieleza tope, akanieleza mkokoteni wa ng'ombe aliouomba kwa mkulima, akanieleza alivyomwacha mama yake mzazi njiani na shangazi zake, akakimbia maili nne na viatu vipya vinavyombana. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nikamwuliza maswali, na saa iliyokuwa juu ya vichwa vyetu sikuitazama.